Ufizi Ukitoa Damu: Kusafisha Meno kwa Maji

Karibu Wadi Bani Khalid. Ukipiga hodi nyumba za hapa, hutoki mpaka umekula tende, halua na kahawa. Ni heshima, usikatae. Lakini tende hunata, na sukari yake ikibaki katikati ya meno hulisha vijidudu vinavyofanya ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi asubuhi. Ukoga ukikaa, ufizi huvimba, huwa mwekundu, na ukipiga mswaki unaona damu.

Wengi wetu tukiona damu tunaacha kusugua pale. Ni kosa. Damu inaletwa na uchafu. Ukiuacha inazidi, mwisho meno hulegea.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Ndiyo maana siku hizi utaona mashine ya maji: kitanki, pampu, na kibomba chembamba kinachorusha maji kwa vipigo vya haraka. Ilibuniwa Colorado, Marekani, mwaka 1962, na daktari wa meno na mhandisi.

Tia maji ya kunywa yenye vuguvugu, si ya falaji, hata yawe maangavu vipi. Anza na nguvu ya chini kabisa. Inama juu ya beseni, weka ncha mdomoni kwanza ndipo uwashe (ukigeuza mpango huu utaosha kioo na nguo), na uache midomo wazi kidogo maji yatoke. Fuata mstari wa ufizi kuanzia meno ya nyuma, nje na ndani, ukisimama kidogo kwenye kila mwanya. Dakika moja kila usiku yatosha. Ramadhani, fanya baada ya futari, usije ukameza maji mchana.

Mashine ya Marekani huenda ni ya volti 110. Umeme wa Oman ni 240, itaungua.

Mswaki na dawa yenye floraidi viko palepale. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu maji hayauondoi, ni kazi ya daktari. Huna mashine? Tumia uzi wa meno.

Damu ikiendelea wiki mbili, au ukiwa na kisukari au mimba, nenda kituo cha afya. Kama umeajiriwa nyumbani kwa watu, mwambie mama mwenye nyumba mapema, kabla hujashindwa kula. Kiarabu hakijakaa mdomoni? Sema: "Lithati tanzif," yaani ufizi wangu unatoa damu.