Breki za Kurejesha Nishati Katika Magari ya Haibridi

Mada hii inaunganisha sura mbili ambazo wanafunzi wengi huzisoma kila moja peke yake: nishati na sumakuumeme. Mtunzi wa mtihani akitaka kujua kama umeelewa au umekariri tu, hapa ni mahali pazuri pa kukukamata.

Breki za kawaida hutumia msuguano. Pedi hubana diski, nishati mwendo hugeuka kuwa joto, na joto hupotea hewani. Ndiyo maana breki za basi lililotoka kuteremka Kitonga hunuka kama kitu kinachoungua.

Gari la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Dereva anapopunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo hufanya kazi kama jenereta na kuchaji betri. Kwa nini basi gari lipungue mwendo? Ni kanuni ya Lenz: mkondo uliozalishwa huleta kani inayopinga mwendo uliouzalisha. Mkondo ukiwa mkubwa, kani nayo huwa kubwa. Usiandike kwamba "betri inavuta gari nyuma". Hilo halina alama.

Katika baadhi ya magari, dereva huchagua ukali wa breki hizi. Mitsubishi Outlander PHEV, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, lina vijiti viwili nyuma ya usukani na ngazi kutoka B0 hadi B5. Kwenye B0, ukiachia pedali ya mafuta gari huendelea kuserereka. Kwenye B5 hupungua mwendo kwa nguvu.

Wengi hudhani ngazi ya juu hurejesha nishati nyingi zaidi kila mara. Tukokotoe.

Mfano: Gari lenye tungamo la kg 1,200 linapunguza mwendo kutoka m/s 20 hadi m/s 10. Betri inaweza kupokea kW 25 tu. Linganisha kupunguza mwendo kwa sekunde 9 na kwa sekunde 3. (Chukulia nguvu haibadiliki na hakuna upotevu mwingine.)

Suluhisho:
Nishati mwendo ya mwanzo = ½ × 1,200 × 20² = J 240,000
Nishati mwendo ya mwisho = ½ × 1,200 × 10² = J 60,000
Nishati iliyoondoka = kJ 180

Mwendo umepungua kwa nusu, lakini robo tatu ya nishati imeondoka. Anayesahau kipeo cha pili hupoteza swali zima.

Kwa sekunde 9: nguvu = 180 ÷ 9 = kW 20. Betri inaimudu, hivyo kJ 180 zote zinarejeshwa.
Kwa sekunde 3: nguvu = 180 ÷ 3 = kW 60. Betri inachukua 25 × 3 = kJ 75 tu. Zinazobaki, kJ 105, zinaishia kwenye diski kama joto.

Nishati ni ileile. Kilichotofautiana ni muda. Dereva anayeanza kupunguza mwendo mapema hurejesha zaidi kuliko anayekanyaga breki ghafla.

Angalia pia herufi B kwenye gia ya Toyota Prius. Watu huiita "gia ya kuchaji", lakini kazi yake ni kusaidia kwenye mteremko mrefu: injini huzungushwa ili nayo ipinge mwendo. Hili linafaa hasa betri ikiwa imejaa na haiwezi kupokea tena. Sehemu hiyo ya nishati hupotea, haichaji chochote.

Gari likikaribia kusimama, mota huzunguka polepole na volteji inayozalishwa hushuka, kwa hiyo breki za msuguano humalizia kazi.

Zoezi: Gari la kg 1,600 linapunguza mwendo kutoka m/s 15 hadi m/s 5 kwa sekunde 4. Betri yake inapokea kW 25 tu.
(a) Kokotoa nishati mwendo iliyoondoka.
(b) Kiasi gani kiliingia kwenye betri?
(c) Dereva angetumia angalau sekunde ngapi ili nishati yote irejeshwe?

Majibu: (a) kJ 160 (b) kJ 100 (c) sekunde 6.4