Sensa ya Oksijeni na Eksozi ya Kuchonga: Jua Kwanza Unachokidanganya

Ukipita gereji za Sinza au Tabata siku ya Jumamosi utawakuta vijana, na wengi ni wenzetu wa vyuo, wanasubiri Altezza, Subaru au Vitz zao zichomelewe eksozi ya kuchonga. Sauti inatoka nzito, mwenye gari anatabasamu mpaka Mwenge, na baada ya siku mbili tatu taa ya cheki injini inawaka. Anarudi kwa fundi. Fundi anamtolea kichuma kifupi chenye nyuzi ndani na nje, au kama ni fundi wa umeme anakata waya mmoja na kuunga rizista na kapasita. Taa inazima. Kila mtu anaondoka ameridhika.

Makala haya ni kwa wale wanaotaka kujua pale katikati kumetokea nini. Ukishaelewa, utaweza kuamua mwenyewe, na utajua swali la kumuuliza fundi kabla hajashika koleo.

Sensa tunayoisema hapa si ile ya kuhesabu watu ya 2022. Ni kifaa chenye umbo linalofanana na plagi, kinachofungwa kwenye bomba la moshi na kupima kama moshi umebaki na oksijeni au la. Kampuni ya Bosch ndiyo iliyoanza kuiuza kwa magari ya kiwandani mwaka 1976, kwenye Volvo zilizokuwa zinakwenda California. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia. Ikipata joto la kama nyuzi 300 na kuendelea, kauri hiyo inaruhusu chembe za oksijeni zenye chaji kupita. Upande mmoja kuna hewa ya nje, upande wa pili kuna moshi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa volti.

Wale wa kemia mwaka wa kwanza mmeshakutana nayo: ni mlinganyo wa Nernst uleule mnaoukariri usiku wa kuamkia mtihani. E = (RT/4F) × ln(p1/p2). Chukua moshi wa nyuzi joto 700, yaani kelvini 973. RT/4F inatoka kama volti 0.021. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, hewa nyingi mafuta kidogo, moshi unabaki na oksijeni ya kama asilimia 2. Hewa ya nje ina asilimia 21. Logi ya 10.5 ni 2.35, zidisha, unapata volti 0.05. Mchanganyiko ukiwa mzito, oksijeni huru karibu inaisha kabisa. Ili kupata volti 0.9 uwiano unapaswa kufika 10 mara kumi na nane na zaidi kidogo. Ndiyo maana sensa hii haipandi taratibu kama geji ya tangi. Inaruka. Chini ya 0.45 ni mwepesi, juu yake ni mzito, na mpaka wenyewe ni pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo moja ya petroli.

Kontroli boksi inatumia mruko huo. Ikiona mzito inapunguza mafuta, ikiona mwepesi inaongeza, mara moja au mbili kwa sekunde, muda wote unapoendesha. (Toyota na Subaru nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, sensa ya mbele ni ya aina nyingine, inapima kwa mkondo wa umeme badala ya volti ya kuruka. Kwa hiyo usikubali kubadilishiwa ya waya nne kwa ya waya nne eti kwa sababu soketi zinafanana.)

Sasa masega. Lile kopo la eksozi lenye vitundu kama sega la nyuki limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kumalizia kuunguza kabonimonoksaidi na mafuta yaliyobaki, na kuzivunja oksidi za naitrojeni. Limepakwa pia oksidi ya seriamu, ambayo inahifadhi oksijeni moshi ukiwa mwepesi na kuiachia ukiwa mzito. Hapa ndipo sensa ya pili, ile ya nyuma ya masega, inapoingia. Masega yakiwa mazima, mawimbi ya mbele yanamezwa, na sensa ya nyuma inatulia kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi. Masega yakifa, au yakitolewa, sensa ya nyuma inaanza kucheza sawa na ya mbele. Kontroli boksi inalinganisha, inaandika P0420, taa inawaka.

Kwa hiyo hila zote mbili za gereji zina lengo moja: kuituliza sensa ya nyuma. Kile kichuma kinaitoa sensa nje ya mkondo wa moshi, inakaa kwenye kishimo ambako moshi unafika kwa kuchelewa. Ya rizista na kapasita inafanya jambo hilohilo kwa umeme. Kipimo kinachozunguka mitaani ni megaohmu 1 na mikrofaradi 1, na ukizidisha unapata sekunde 1. Wimbi la mara moja kwa sekunde likipita hapo linabaki na asilimia 16 tu ya urefu wake. Volti zilizokuwa zinaruka kati ya 0.1 na 0.9 sasa zinatikisika kati ya 0.44 na 0.56. Masega bandia, kwa bei ya soda.

Kwenye karatasi ni safi. Kwenye gari mambo hayako hivyo kila mara. Megaohmu 1 ni kubwa sana. Kama ndani ya kontroli boksi kuna rizista ya kushusha volti yenye ukubwa wa karibu, volti inagawanyika nusu, boksi inaona sensa iko chini siku zote na kukuandikia P0137. Magari mengine yana akili zaidi: ukiachia pedali kwenye mteremko mafuta yanakatwa, na boksi inasubiri volti ya nyuma ishuke haraka. Kapasita inachelewesha, unapata P0139. Umeondoa msimbo mmoja, umenunua mwingine. Na kuna magari yanayotumia sensa ya nyuma kusahihisha ya mbele kidogokidogo. Hapo ukiidanganya umegusa hadi kiasi cha mafuta.

Sensa ya mbele ndiyo kabisa, usiiwekee kitu. Ukiichelewesha hiyo injini inapoteza macho.

Nisiwe mnafiki, kuacha taa iwake nayo si dawa. Taa ni moja kwa matatizo mengi, na aliyeizoea hataona siku silinda inapoanza kumisi. Lakini kuizima kwa hila kunaficha jambo lingine: masega hayafi yenyewe. Mara nyingi yameuawa na plagi mbovu inayopitisha mafuta mabichi, au injini inayokula oili. Ugonjwa unaendelea, wewe umemfunga mgonjwa mdomo. Halafu kuna suala la hewa. Kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi. Gari lisilo na masega linatoa nyingi zaidi, na bomba la kuchomelea lenye ufa chini ya sakafu linaweza kuipenyeza mpaka kwenye viti, hasa mkikaa kwenye foleni vioo juu. Marekani sheria inakataza kuondoa au kuhadaa vifaa hivi, na Volkswagen ilipokamatwa mwaka 2015 kwa programu ya kuhadaa vipimo, magari yaliyohusika duniani yalikuwa kama milioni 11. Ile ilikuwa ya kitaalamu zaidi, ila ukoo ni mmoja.

Tena bara letu lilihangaika kupata petroli isiyo na risasi. Makubaliano ya Dakar yalikuwa 2001, na kikomo kwa nchi za kusini mwa Sahara kikawekwa mwisho wa 2005. Risasi ilikuwa inaua masega na sensa. Imeondoka, sasa tunayatoa kwa mkono na kuyauza!

Kama eksozi ya kuchonga unaitaka kweli, na sikukatazi, chonga kuanzia nyuma ya masega. Sauti inatoka kwenye sailensa na upana wa bomba la nyuma. Ikibidi sensa ihamishwe, fundi achomelee nati ya uzi wa M18 × 1.5, sensa isimame wima au iinamie pembeni lakini isilale sawa na ardhi, maana maji ya moshi yakituama ndani yatapasua kauri. Waya ukiwa mfupi, urefushe kwa viunganishi vya kubana na usitumie lehemu: sensa nyingi hupata hewa yao ya nje kwa kupitia katikati ya nyuzi za waya, lehemu inaziba. Grisi iguse uzi tu, ncha isiguswe. Na silikoni ya kawaida ya kuziba gasketi usiikubali karibu na hapo. Mvuke wake unaua sensa. Iko inayoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, ukiulizia Kariakoo utaipata.

Mwisho kabisa kagua uvujaji kabla ya kulaumu sensa. Tundu dogo mbele ya sensa ya kwanza linavuta hewa kati ya mapigo ya moshi, sensa inaona mwepesi, boksi inaongeza mafuta, na gari linaanza kula mafuta bila sababu. Tundu kati ya sensa mbili linaweza kukuletea P0420 ilhali masega ni mazima. Injini ikiwa imepoa, mwambie fundi apulizie hewa ya kompresa taratibu kwenye bomba la nyuma, wewe pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo alichochomelea. Pale panapotoa povu ndipo pa kurudia.