Mama hasikii tena harufu ya kuungua

*Daktari, mama yangu ana miaka 76, tunaishi Mafinga. Amekuwa msahaulifu, na sasa ugali unaungua mbele yake hasikii harufu. Juzi aliota moto mpaka miguu ikababuka, hakulalamika. Majirani wanasema karogwa. Nifanye nini? – Binti, Iringa*

Pole, binti yangu. Hajarogwa. Dalili hizi zinaelekea demensia: ubongo unashindwa kutafsiri habari zinazoletwa na pua na ngozi. Uwezo wa kunusa huweza kupungua mapema sana. Ila kubabuka bila maumivu kunaweza kutokana na kisukari pia, maana hutia miguu ganzi. Apimwe sukari wiki hii, na vidonda vitazamwe.

Kinachonitisha zaidi, kwa baridi ya huko ya Juni na Julai, ni jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu hata kwa mwenye pua nzima. Litoeni nje, mpeni blanketi na soksi. Maji ya kuoga yapime wewe kwa kiwiko. Viporo vikague, hatajua vimechacha. Akisema mboga haina ladha, msibishane: ongeza limau, si chumvi. Akikwepa mkeka mweusi, huenda anauona shimo, uondoe.

Akivurugikiwa ghafla au akiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo. Vinginevyo anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Ikibidi, watamwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.