Kiwanja cha Watoto Kimo Kwenye Ramani?

Bikoni ni kitu kidogo. Nondo fupi iliyosimikwa ndani ya zege, kichwa chake kikiwa usawa wa nyasi, na juu yake namba zilizochorwa zege likiwa bado bichi. Mtoto anayekimbiza mpira anaweza kuikanyaga mwaka mzima asiione. Lakini ndiyo inayosema kama pale anapocheza ni pa wote au ni pa mtu, na mkazi wa leo wa Nakwa, hapa mjini Babati, ana kila sababu ya kwenda kuitafuta kwa macho yake.

Nasema wa leo kwa sababu Babati inakua. Tangu Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao yake makuu, mji umekuwa ukisogea kuelekea mashamba, na shamba la mahindi na mbaazi likishakatwa viwanja halirudi tena kuwa shamba. Pale katikati, kati ya shamba la jana na nyumba ya kesho, ndipo eneo la wazi linapopatikana au kupotea. Na likipotea, hupotea mchana kweupe, kidogo kidogo: leo mtu anamwaga tripu moja ya mchanga pembeni ya goli, mwezi ujao ametandaza matofali, baadaye dalali anakuja na mteja. Ukiuliza, unaambiwa hapa hapakuwa na kitu.

Anayeumia ni nani? Mwenye ua mpana, mwembe na gari atapata kivuli chake hata kama mtaa mzima umejengwa. Jumapili atawapeleka wanawe Hifadhi ya Tarangire. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye watoto wanne hana ua, na nauli ya bodaboda ya kwenda kutafuta nyasi mbali ni hela ya mboga. Kwake yeye, kiwanja cha jirani ndicho ua, ndicho uwanja wa michezo, ndicho mahali pa kukaa mgonjwa akitaka hewa. Ndiyo maana ninaposema haki katika maeneo ya kijani, sizungumzii bustani yenye chemchemi na maua ya kuagizwa. Nazungumzia ardhi iliyo karibu, isiyo na kiingilio, na yenye karatasi.

Ukaribu unapimika. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imependekeza kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani lisilopungua nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake. Nusu hekta ni kama ekari moja na robo, pungufu ya uwanja kamili wa mpira. Mita 300 ni mwendo wa dakika tano hivi. Fanya jaribio hili: toka mlangoni kwako na mtoto wa miaka mitano mkononi, mtembee taratibu, uone dakika tano zinawafikisha wapi. Rudia ukiwa na bibi anayetembea kwa mkongojo. Kama njiani mnakatiza barabara ya magari au korongo, hesabu kwamba hamjafika.

Miji yetu ilianza vibaya katika hili. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni viwanja vikubwa vyenye miti na upepo wa bahari, Kariakoo nyumba zimebanana, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893 nayo iliwekwa upande wao wa mji. Leo Mnazi Mmoja ni uwanja wa wananchi, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini mpangilio ule wa kijani kufuata kipato haujafutika. Angalia mji wowote kutoka angani utaona penye miti na pasipo na miti, na utajua kodi za nyumba bila kuuliza.

Karatasi zipo za aina mbili

Watu wengi huchanganya mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Mchoro unaonyesha kinachokusudiwa: makazi hapa, shule pale, eneo la wazi lile lililopakwa kijani. Ramani ya upimaji ndiyo iliyofuatwa na bikoni ardhini. Eneo linaweza kuwa la kijani kwenye mchoro miaka kumi na lisiwekewe bikoni hata moja, na hapo ndipo wavamizi wanapopita. Kwa hiyo ukienda kwa Afisa Mipango Miji wa Halmashauri ya Mji wa Babati usiishie kuuliza kama eneo lenu limetengwa. Uliza pia: limepimwa? Lina namba? Linasimamiwa kwa jina la nani?

Ukijibiwa uje kesho mara tatu, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Wananchi wachache sana huitumia, ilhali haihitaji wakili.

Kisha kuna mkutano. Eneo likiwa linaendeshwa kama kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kwanza kupata kibali cha mkutano huo. Sheria hiyohiyo inatambua ardhi ya pamoja ya kijiji na kutaka iwekwe kwenye kumbukumbu. Likiwa mtaa, pa kuanzia ni mkutano wa mtaa na diwani wenu. Kwa vyovyote vile, hoja isiishie mdomoni. Hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari: eneo liko wapi, linapakana na nani kila upande, linatumika kwa nini. Mwenyekiti atabadilika, mtendaji atahamishwa. Muhtasari utabaki kwenye faili.

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni cha urasimishaji na upimaji wa pamoja. Kila mtu anataka kiwanja chake kitoke kikubwa, kampuni ya upimaji inataka kazi iishe, na eneo la wazi halina wa kulisemea. Hapo ndipo wananchi wanapotakiwa kukubaliana kila mmoja aachie kipande kwa ajili ya barabara na matumizi ya umma. Ni mazungumzo magumu, nayajua. Mwenye robo ekari anaumia zaidi akikatwa hatua tano kuliko mwenye ekari sita, kwa hiyo mgawanyo wa kuachia nao uwe wa haki. Ila baada ya hati kutoka, kulinunua eneo hilohilo kwa bei ya mjini ni ndoto.

Wazee wa upande huu wana somo lao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, hapahapa wilayani Babati, ulikuwa unaelekea kuchukuliwa kuwa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji wakasema tuachieni tuulinde wenyewe. Vijiji vinane vikagawana msitu wa takriban hekta 9,000, kila kimoja kikaweka mipaka yake, kikaandika kanuni, kikachagua walinzi wake, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha kanuni hizo kuwa sheria ndogo. Hayo yalifanyika kabla Sheria ya Misitu ya 2002 haijauweka usimamizi wa namna hiyo kwenye vitabu. Kama watu walilinda hekta 9,000 kwa mipaka, maandishi na walinzi, nusu hekta ya mpira haiwezi kutushinda.

Ukingo wa ziwa ni wa wote

Ziwa Babati ndilo eneo kubwa la wazi la mji huu, na hakuna aliyelijenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Ukikuta ukuta, uzio au shamba ndani ya hatua hizo, pa kuuliza ni ofisi ya mazingira ya halmashauri, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, au Bodi ya Maji ya Bonde la Kati.

Ukanda huo una faida mbili kwa pamoja. Mwaka 1990 ziwa lilifurika likaingia mjini, na haikuwa mara ya kwanza. Penye majani na matete maji hupata pa kupumzikia. Penye nyumba huingia ndani ya nyumba, na mara nyingi ya yule aliyenunua pale kwa sababu palikuwa rahisi. Kuacha ukingo wazi kunampa maskini mahali pa kupumzika, na pia kunamkinga asiuziwe mafuriko.

Lakini ukingo ulio wazi bila njia ya kuufikia hausaidii. Viwanja vya mbele vikiuzwa vyote mfululizo bila kichochoro, ziwa linakuwa la wenye viwanja vya mbele. Dai njia ya miguu iwekwe kwenye mchoro, tena yenye upana wa kupita kiti cha magurudumu. Na mnapokwenda na watoto: maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, kwa hiyo wasiyachezee. Ukiona njia iliyolazwa katikati ya matete, pana kama ya mkokoteni na yenye matope yaliyokanyagwa, hiyo ni ya viboko. Wao hutoka kula majani giza likiingia. Ondokeni jua likiwa bado juu.

Kuhusu viingilio, nina msimamo. Forodhani ya Zanzibar ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, nzuri kuliko bustani nyingi za kulipia, na hadi leo mtu anaingia bure, mtalii na mchukuzi wakikaa benchi moja. Msitu wa Karura wa Nairobi una kiingilio, na ni kweli fedha husaidia ulinzi. Ila kwa familia ya watu sita, hata shilingi chache ni ukuta. Kama lazima pesa ipatikane, itozwe kwa anayefanya biashara au sherehe, kwa utaratibu uliopitishwa na mkutano, siku maalumu, na siku zilizobaki geti liwe wazi. Tena tuangalie nani anaonekana pale. Kiwanja ambacho wavulana pekee ndio wanacheza, kisicho na choo, taa wala kivuli cha kukaa mama mwenye mtoto mchanga, kimeshafungwa kwa nusu ya mtaa. Wafugaji nao waitwe kwenye kikao, waoneshwe njia ya mifugo, kabla hawajashtakiwa kwa kupitisha ng'ombe golini.

Ukikuta ujenzi umeshaanza

Usibomoe kitu. Piga picha zenye tarehe, andika majina ya majirani walio tayari kushuhudia, kisha peleka malalamiko kwa mtendaji, nakala kwa Mkurugenzi wa Mji na Afisa Ardhi. Omba kuona kibali cha ujenzi, na kama inadaiwa matumizi yalibadilishwa, omba kuona tangazo lililotolewa kwa umma. Baraza la kata linaweza kusuluhisha. Ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mahakama. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, kwa hiyo msisubiri paa lipigwe ndipo mtafute msaidizi wa kisheria.

Wangari Maathai alianza kwa barua. Mwaka 1989, iliposikika kwamba jengo la ghorofa 60 litasimama ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, aliandikia ofisi moja baada ya nyingine, akatukanwa hata bungeni, akaendelea kuandika hadi wafadhili wakajitoa. Bustani ipo.

Barua yenu isizidi ukurasa mmoja. Itaje eneo kwa mipaka yake, matumizi yake na tangu lini, tarehe ya mkutano ulioliamua, na ombi moja tu: lipimwe, liwekewe bikoni, liandikwe kuwa la umma. Wasaini watu wengi, wake kwa waume, wenye nyumba na wapangaji. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.