Mpya ya Mkopo au Mtumba wa Akiba?

*Shangazi, nina steshenari ndogo Morogoro. Nachapa tasnifu za wanachuo. Laptopu yangu imekufa. Nimepata milioni moja na laki mbili kutoka kwenye kikoba. Kaka yangu ananisukuma nikope niongezee, ninunue MacBook mpya. Mimi nimeona ThinkPad T480 ya mtumba Kariakoo kwa laki nane, lakini mwenzangu alinunua ya mtumba, wiki ya pili ikajifunga, pesa ikapotea. Nifanyeje?*
*Mchapaji, Morogoro*

Mwanangu, pole kwa mawazo.

Kaka yako hajakosea kuhusu ubora wa MacBook, ila kwenye mkopo simuungi mkono. Laptopu hushuka bei tangu siku inapotoka kwenye boksi, lakini rejesho halishuki. Kazi yako ni maandishi. Ingekuwa ni mtu wa kuhariri video, na pesa yote anayo mkononi, ningemwambia anunue mpya.

Wala mtumba usikutishe. ThinkPad za T zimeundwa kwa kazi za ofisini. Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla zikiwa bado na nguvu. T480 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuiongeza baadaye, tofauti na MacBook Air za M1 kuendelea, ambazo RAM uliyonunua ndiyo utakayokaa nayo.

Angalia umri kabla ya jina. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. T480 nyingi, zilizotoka mwaka 2018, zinaanzia hapo hapo, ila hakikisha prosesa ya hiyo unayoiangalia. T470, ya kizazi cha nyuma yake, iache, hata ikiwa inang'aa.

Sasa lililompata mwenzako. Mashine za kampuni nyingi husajiliwa kwa jina la kampuni yenyewe, na usajili usipofutwa, mnunuzi ndiye anayefungiwa. Kwa hiyo usitoe pesa kabla ya haya:

Iwashe na ubonyeze F1 kuingia kwenye BIOS, kabla Windows haijafunguka. Ikidai nenosiri, irudishe.

Mwambie muuzaji aisakinishe Windows upya mbele yako, kisha iunganishe na intaneti. Ikitaja kampuni usiyoijua na kudai barua pepe yake, ondoka.

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ilio nao leo. Ukishuka chini ya nusu, dai upunguziwe bei ya betri mpya. Kumbuka T480 ina betri mbili, kagua zote.

Bonyeza kila kitufe, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, tazama kioo kikiwa cheupe chote. Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa kurudisha, hata wiki mbili.

Ikipita yote hayo, inunue. Laki nne itakayobaki usiimalize: nunua RAM ikihitajika, na diski ya nje. Kila jioni nakili humo kazi zote za siku. Laptopu, mpya au mtumba, ipo siku itakufa. Tasnifu ya mtoto wa mtu isife nayo.