Mofwe: ziwa au nyasi?

SWALI: Natengeneza ramani ya visima vya Mwansabombwe, Zambia, kwa QGIS. Tabaka moja la maji linaonyesha Mofwe kama ziwa pana, jingine halionyeshi karibu chochote. Niamini lipi?

JIBU: Huenda yote mawili ni sahihi, kila moja kwa siku yake. Mofwe hupanuka mto Luapula unapofurika, na kiangazi hunywea. Tena mafunjo yakiota juu ya maji, setilaiti huona kijani tu.

Kwa hiyo usichukue tabaka lenye ukingo mmoja. Pakua data ya Global Surface Water ya Umoja wa Ulaya, iliyotokana na picha za Landsat tangu 1984. Kila kimraba cha mita 30 kina asilimia ya mara ambazo maji yalionekana hapo. Mimi ningeweka asilimia 80 kwenda juu kuwa maji ya kudumu, chini yake ya msimu, kila kundi na rangi yake.

Mito ni shughuli nyingine. Tabaka la mito la HydroRIVERS limekokotolewa kutokana na miinuko iliyopimwa na rada ya angani Februari 2000. Milimani hufaa sana; kwenye tambarare ya kinamasi hubahatisha. Kwa hiyo Mto Ng'ona uchore kwa mkono juu ya picha ya setilaiti.

Na kabla hujalaumu data, kagua mfumo wa majiranukta. Ramani za zamani za Zambia ni za Arc 1950, GPS yako ni WGS 84. Ukizichanganya, kisima kitahama mita mia kadhaa. Kwa vipimo tumia UTM kanda ya 35 Kusini.