SOMO JUU YA MAVI YA MBWA KATIKA LUPANGO WA WATU WENGI

1. Juu ya nini somo hili

Msomaji, wewe unayekaa Lubumbashi, Likasi ao Kalemie, unajua lupango ni nini. Ni kiwanja kimoja, na ndani yake mna nyumba mbili, tatu, pengine tano. Kisima ni kimoja, choo ni kimoja, na mwembe wa kivuli ni mmoja. Mama mmoja anafuga kuku, mama mwingine ana mistari ya lengalenga karibu na ukuta, na baba wa nyumba ya mwisho ana mbwa. Usiku mbwa huyo anabweka kwa faida ya wote. Lakini asubuhi mavi yake yako mbele ya mlango wa mtu asiyemfuga.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema: «Si mbwa wangu, siwezi kuyagusa.» Mwenye mbwa anajibu: «Mbwa ni nyama tu, hana akili ya kujua mlango wa nani.» Siku zinapita. Kuku wanachakura, mvua inanyesha, mavi hayaonekani tena. Watu wanafikiri neno limekwisha. Sivyo. Katika somo hili utaona kwamba hatari kubwa inaanza wakati ule ambapo mavi hayaonekani tena.

2. Vilivyomo ndani ya mavi

Mbwa anaweza kuwa mnene, na nywele zake kung'aa, kumbe ana minyoo tumboni. Minyoo ni ya namna nyingi. Tutaje mitatu inayoweza kudhuru watu.

Wa kwanza ni mnyoo mrefu wa mviringo, mweupe kama uzi mnene. Mnyoo mmoja wa kike unaweza kutaga mayai zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Mayai hayo yanatoka pamoja na mavi, lakini ni madogo sana, jicho haliwezi kuyaona. Watoto wa mbwa wanayo mingi kupita wakubwa, sababu mama yao anawaambukiza wangali tumboni mwake. Mtoto wa mtu akitia udongo wenye mayai hayo kinywani, vidudu vinatoka katika mayai na kutembea mwilini mwake. Vinaweza kuingia katika ini na katika mapafu, mtoto akapata homa na kikohozi. Pengine kimoja kinaingia katika jicho, na jicho hilo linaweza kupofuka.

Wa pili ni mnyoo mdogo wa namna ya safura. Mayai yake yakianguka katika udongo wenye joto na maji, yanapasuka kwa siku moja ao mbili. Baada ya siku chache tena, vidudu vyake viko tayari kuingia katika ngozi ya mguu usio na kiatu. Utaona mstari mwekundu unaopinda-pinda chini ya ngozi, na unawasha sana usiku.

Wa tatu ni tegu mdogo, ambaye urefu wake haufiki sentimeta moja. Huyu tutamsema katika fungu la 4, sababu njia yake inapita katika machinjo.

3. Hesabu ya siku

Sasa shika neno hili vizuri, ndilo la kwanza katika somo letu. Mayai ya ule mnyoo mrefu, yakitoka katika mbwa, hayajakomaa. Ukiyaondoa siku ileile, hayajapata nguvu ya kuambukiza mtoto wako. Katika udongo wenye kivuli na unyevu yanakomaa kwa majuma mawili mpaka manne. Yakisha kukomaa, yanaweza kukaa hai katika udongo miaka kadhaa, na mvua haiyaui. Tena chini ya mwembe, pale watoto wanapochezea wakati wa jua kali, ndipo yanapokaa salama, sababu kivuli kinayalinda pia.

Basi hesabu mwenyewe. Majirani wawili wakigombana majuma matatu juu ya nani ataondoa mavi, ugomvi wao umewapa mayai siku zote walizohitaji. Mavi ya leo unaweza kuyaokota kwa jembe. Mavi ya mwezi uliopita yamekuwa udongo, na hakuna jembe litakaloyatenga na udongo tena.

4. Matumbo ya mbuzi

Siku ya sikukuu mnachinja mbuzi ao kondoo katika lupango. Unapasua ini ao mapafu, unaona ndani yake mfuko wa maji. Unasema: «Hii ni mbaya, watu wasile», na unaitupia mbwa. Kwa tendo hilo umempandia mbwa yule tegu mdogo. Baada ya majuma machache mayai yatatoka katika mavi yake. Nayo hayangojei siku kama yale mengine: yanatoka yakiwa tayari kuambukiza. Mtu akiyameza kwa mikono michafu ao kwa mboga mbichi, mfuko wa maji kama ule wa mbuzi unaweza kuota katika ini lake ao mapafu yake. Unakua polepole miaka mingi, bila mgonjwa kujua.

Watu wa kisiwa cha Iceland, kule kaskazini ya Ulaya, waliteswa sana na ugonjwa huo zamani. Walifuga kondoo wengi na mbwa wengi. Mwaka wa 1863 munganga mmoja wa Denmark, jina lake Harald Krabbe, alikwenda kuchungua mbwa wao. Alipasua mbwa 100, akakuta tegu huyo ndani ya 28. Akaandika kitabu kidogo chenye maneno mepesi, na mwaka wa 1864 kikagawiwa bure katika nyumba za watu. Kiliwafundisha wasiwape mbwa mifuko ile ya maji, bali waiharibu, tena wajihadhari na uchafu wa mbwa. Dawa nzuri kama ya leo haikuwako bado. Lakini mazoezi ya nyumbani yalibadilika, ugonjwa ukapungua miaka kwa miaka, na mwisho ukatoweka kabisa katika kisiwa kile.

Basi ini na mapafu yenye mfuko wa maji, uyachome moto ao uyafukie katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulichimbua. Ukitaka kumpa mbwa matumbo mengine, uyapike kwanza mpaka yaive kabisa.

5. Mambo yasiyofaa

Wengi wanafanya mambo haya wakifikiri ni dawa. Uyaache.

Usifagie mavi mpaka mbele ya mlango wa mwenye mbwa. Ufagio unayatawanya njiani mote, na watoto wake pamoja na wako wanacheza fasi moja.

Usiyatupe katika mfereji, wala karibu na kisima. Mvua kubwa ya kwanza itayarudisha kwenu.

Usiyatie katika mboga kama samadi. Mtu anasema: «Mavi ya ngombe ni mbolea, hata haya ni mbolea.» Ngombe anakula majani, mbwa anakula nyama, na minyoo yake mingine inatudhuru sisi. Lundo dogo la takataka za nyumbani halipati moto wa kutosha kuua mayai. Yatapanda katika lengalenga yako ukiinyeshea maji.

Usitegemee majivu. Majivu yanapunguza harufu na kufukuza inzi, lakini hayaui mayai ya mnyoo ule mrefu. Maji yanayochemka ndiyo yanayaua. Kwa hiyo, kama mavi yameanguka juu ya sakafu ya simenti, ondoa kwanza, kisha mwaga maji yanayochemka, watoto wakiwa mbali.

Tena usitege sumu kamwe. Sumu haichagui. Itaua kuku wa jirani, itaua mbwa anayelinda wote, na mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Mtu aliyetega sumu kwa ajili ya mavi ameleta mauti mahali palipokuwa na uchafu tu.

6. Kazi ya kila siku

Kazi hii haipiti dakika tano. Mtu mzima aifanye, si mtoto.

a) Asubuhi mapema, kabla ya watoto kutoka inje, zunguka lupango wote. Tazama sana chini ya miti, nyuma ya choo na kando ya mboga.

b) Okota mavi kwa jembe ao kwa kipande cha bati, pamoja na udongo kidogo wa chini yake. Jembe hilo lisitumiwe tena katika mboga.

c) Yatupe katika choo cha shimo. Kama haiwezekani, chimba shimo lenye kina cha nusu meta ao zaidi, mbali na kisima na mboga, na kila mara funika kwa udongo.

d) Nawa mikono kwa sabuni. Watoto pia wanawe kabla ya kula na kila wakitoka kucheza. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi mengi.

Mwenye mbwa ana kazi nyingine tena. Mbwa anapenda kunya asubuhi akiamka, na baada ya kula. Basi umfunge kamba saa hizo, umpeleke kwenye pembe moja iliyochaguliwa, ungoje, na uondoe mavi mara moja. Ukifanya hivi kila siku, hasa na mbwa angali mdogo, atazoea pembe ile. Omba kwa munganga wa nyama dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa waanze kupewa wakiwa na majuma mawili, na tena kila majuma mawili mpaka waachishwe maziwa. Mbwa mkubwa apewe kila miezi mitatu. Kwa tegu, uulize dawa iitwayo prazikwanteli, sababu dawa nyingi za minyoo mingine hazimwui. Wakati huohuo mbwa achanjwe kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

7. Ginsi ya kusema na jirani

Labda unasema: «Mimi sina mbwa. Nifanye nini?» Kwanza, yaondoe yale yaliyo mbele ya mlango wako leo hii. Huyaondoi kwa kumtumikia jirani. Unayaondoa kwa ajili ya macho ya mtoto wako. Kisha nenda kusema.

Usiende asubuhi ileile hasira ingali moto. Usiseme mbele ya wageni wake, wala usiseme kwa mafumbo unapofagia ili asikie. Tena usimshitaki bila kuona. Mbwa wa inje wanaingia usiku kutafuta chakula, hasa mahali ambapo takataka hazifunikwi. Amka mapema siku mbili ao tatu, utazame ni mbwa gani.

Jioni, akiwa amekula na kupumzika, piga hodi, msalimu, uulize habari ya watoto. Kisha sema hivi:

«Baba, nimekuja kwa neno la lupango wetu. Mbwa wako anatulinda sote, nasi tunafurahi. Lakini mavi yake yanabaki pale watoto wanapocheza, wako na wangu. Nimesoma kwamba yakikaa majuma mawili udongo wote unaharibika. Tufanye namna gani yaondoke kila siku?»

Unaona: hukusema «mbwa wako ni mchafu». Umetaja watoto wake mbele ya watoto wako, na umemwachia nafasi ya kujibu kama mtu mzima. Akikasirika, usibishane, rudi siku nyingine. Akikataa mara ya pili, waombe wazee wa nyumba zote za lupango mkae pamoja. Hapo tu, kama bado hasikii, pelekeni neno kwa mkubwa wa avenyu, tena mwende wote, usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

8. Mapatano ya lupango

Maneno ya kinywa yanasahauliwa. Mkikutana, mpatane juu ya mambo manne. La kwanza: mwenye mbwa anaondoa mavi ya mbwa wake kila asubuhi, akisafiri, anataja mtu wa kumshika mkono. La pili: mavi ya mbwa wa inje yanaondolewa kwa zamu, nyumba kwa nyumba. La tatu: takataka na mifupa vinafunikwa, na mlango wa lupango unafungwa usiku. La nne: fasi ya watoto kuchezea inachaguliwa, inazungushiwa miti ao majani makavu, na mbwa haingii humo.

Mwenye mbwa naye asione haya. Kumfuga mbwa si kosa. Kosa ni kuchukua ulinzi wake na kuwaachia wengine mavi yake.

KUMBUKA

Mavi yaondolewe siku ileile. Mayai hayaonekani, nayo yanakaa miaka. Mavi ya mbwa si mbolea ya mboga. Ini lenye mfuko wa maji lichomwe ao lifukiwe. Sema na jirani kwa upole, lakini usingoje.

MAULIZO

1. Juu ya nini mavi ya mwezi uliopita yana hatari kuliko mavi ya leo?
2. Mavi ya mbwa yana tofauti gani na samadi ya ngombe?
3. Mbuzi amechinjwa, na ini lake lina mfuko wa maji. Utafanya nini?
4. Katika lupango wako watoto wanacheza wapi? Nenda ukatazame pale kesho asubuhi kabla hawajaamka.